Uso, Vazi na Pazia

Mjini Gulu, kaskazini mwa Uganda, kuna studio ya picha iliyofunguliwa miaka ya 1970, Gulu Real Art Studio. Mwaka 2011 mpiga picha Mwitalia Martina Bacigalupo aliziona huko picha zinazomshtua mtu anapozitazama mara ya kwanza. Mama ameketi kitini, gauni limenyooshwa vizuri, mikono imetulia mapajani. Mzee amevaa koti. Mwingine amempakata mtoto. Kila kitu kipo mahali pake isipokuwa uso: pale panapostahili uso pana tundu la mstatili lililokatwa kwa ustadi.

Sababu yenyewe ilikuwa ya kibiashara tu. Mashine ya picha za pasipoti ilitoa nne kwa mpigo, na wateja wengi walihitaji moja, ya kubandika kwenye kitambulisho, fomu ya mkopo au karatasi za shirika la misaada. Gulu ilikuwa imetoka katika vita virefu vya Lord's Resistance Army, na karatasi za namna hiyo zilikuwa tele. Ikawa nafuu kumpiga mteja picha moja ya kawaida, kuukata uso kwa kipimo kinachotakiwa, na kulitupa lililobaki. Bacigalupo aliyakusanya mabaki hayo, na mwaka 2013 yakaonyeshwa New York.

Hapo ofisi imejibu, kwa mkasi, swali ambalo wanafalsafa hulizungukia kwa kurasa nyingi. Mtu ni uso wake. Vazi, mikono, namna ya kuketi, mtoto aliyepakatwa, hata koti ambalo mtazamaji makini hulikuta tena kwenye kiwiliwili cha mteja mwingine kwa kuwa studio ilikuwa nalo la kuazimisha: vyote hivyo ni taka za kufagiwa jioni. Tumelizoea jibu hili kiasi kwamba tunaliona kama sheria ya maumbile, na leo limo ndani ya simu inayofunguka ikituona sura. Lakini jibu hilo lina mahali lilipozaliwa, na zipo mila nyingine za picha, baadhi yake za hapahapa kwetu, ambazo hazijawahi kulikubali.

Kamera ya Louis Daguerre ilipowekwa wazi mjini Paris mwezi Agosti 1839, haikuwa na kazi ya kumtambua mtu. Kwa miongo kadhaa wateja wa Ulaya waliingia studio wamevalia nguo zao bora, wakasimama kando ya nguzo za bandia na mapazia mazito, wakaondoka na kitu cha kuweka sebuleni. Mabadiliko yaliletwa na karani. Alphonse Bertillon aliajiriwa na Polisi ya Paris mwaka 1879, akakuta picha za wahalifu zisizo na faida kubwa, maana kila moja ilipigwa kwa mwanga wake na umbali wake, na mshukiwa alikuwa amekaa apendavyo. Dawa aliyoibuni ilikuwa kuondoa kila kilicho cha hiari. Katika miaka ya 1880 aliweka kanuni: umbali mmoja kati ya lenzi na kiti, mwanga mmoja, kiti kilichoundwa ili mwili usipate kuegemea upande, picha ya mbele na ya ubavuni, na vipimo vya kichwa na viungo vikaandikwa kwenye kadi hiyohiyo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, serikali zikaanza kudai picha kwenye pasi za kusafiria. Uingereza ilifanya hivyo mwaka 1915, na mwaka 1920 mkutano wa Ligi ya Mataifa huko Paris ukapendekeza pasi za mfano mmoja. Kilichobuniwa kwa ajili ya mwizi sugu kikawa sharti la kila msafiri. Tunapolalamika kwamba hakuna anayependeza kwenye picha ya pasipoti, tunasahau kuwa haikukusudiwa apendeze. (Kenya ya kikoloni haikungoja picha: kipande alichofungwa shingoni mwanamume Mwafrika kuanzia mwaka 1920 kiliridhika na alama za vidole, ila fikra ilikuwa ileile.)

Mwaka 1960 kanuni ya Bertillon ilipanda hadi nyanda za juu za Algeria, na hapo ndipo ubaya wake ulipoonekana bila kificho. Marc Garanger, kijana wa Kifaransa aliyechukuliwa jeshini kwa lazima, aliamriwa apige picha za vitambulisho za wanavijiji ambao jeshi lilikuwa limewahamishia kambini. Kwa muda wa siku kumi hivi alipiga picha za watu wapatao 2,000, wengi wao wanawake, na wanawake hao waliamriwa kuvua shela. Waliketi mmoja baada ya mwingine mbele ya ukuta mtupu. Picha hizo zilitoka kitabuni mwaka 1982. Anayezitazama leo hakuti woga mwingi. Anakuta macho makali yanayomwambia mpigaji waziwazi kwamba hakukaribishwa. Mamlaka ilitaka uso, na uso ukatolewa, ukiwa na kila kitu ambacho mamlaka haikuomba.

Kisa hicho kina mkia unaowasumbua wanaopenda hukumu nyepesi. Garanger alirudi Algeria mwaka 2004 akawakuta baadhi ya wanawake wale. Kwa wengi wao picha ile ya amri ilikuwa ndiyo picha pekee waliyowahi kupigwa, na walimpokea vizuri. Sidhani kama mapokezi hayo yanalisafisha jeshi la Ufaransa. Yanaonyesha tu kwamba watu hawaiachi picha katika kazi iliyokusudiwa na ofisi. Kwetu pia mara ngapi tumeiona picha ya kitambulisho, ile ya uso mkavu na kola iliyokaa upande, imekuzwa na kuwekewa fremu juu ya jeneza kwa sababu marehemu hakuacha nyingine?

Mwaka huohuo wa 1960 Mali ilipata uhuru kutoka kwa mtawala yuleyule, na mjini Bamako Seydou Keïta alikuwa angali anawapokea wateja katika ua wa nyumba yake. Kamera yake ya kwanza, Kodak Brownie ndogo, aliletewa na ami yake mwaka 1935 kutoka Senegali. Studio aliifungua mwaka 1948 karibu na stesheni ya reli, na treni ya kutoka Dakar ikamletea wasafiri juu ya wateja wake wa mjini. Alitumia kamera kubwa ya sentimita 13 kwa 18 na mwanga wa jua, na kwa kuwa vifaa vilikuwa ghali, mteja alipigwa mara moja tu. Hapakuwa na nafasi ya kubahatisha, kwa hiyo maandalizi yalichukua muda mrefu kuliko upigaji wenyewe.

Mteja aliyeingia alikuta ukutani picha za mfano, akachagua pozi alitakalo. Palikuwa na suti za Kizungu za kuazima, saa, kalamu, redio, maua ya plastiki, hata pikipiki ya Vespa na gari la Keïta mwenyewe, Peugeot 203. Pazia la nyuma lilikuwa kitambaa chenye nakshi, la kwanza likiwa shuka la kitanda chake lenye matamvua. Kila baada ya miaka miwili au mitatu alilibadilisha, na baadaye akaweza kutaja tarehe za picha zake kwa kutazama lipi lilikuwa limetundikwa. Wanawake walikuja na dhahabu zao zote, na Keïta alihakikisha kila bangili na kila kidole kirefu kinaonekana, maana hivyo vilikuwa maneno ya mteja kuhusu nafsi yake. Katika picha mashuhuri ya mwaka 1959 kijana mwenye miwani na suti nyeupe ameshika ua moja kwa vidole kama mtu anayeshika hoja.

Mtu wa ofisi atauliza: je, huyu kijana alikuwa na suti? Redio ile ilikuwa yake? Ni swali la karani, na nadhani ndilo linalotufanya tuzisome vibaya picha za studio. Aliyeshika redio ya kuazima hakuwa akimdanganya mtu. Mtaa mzima ulijua redio ni ya Keïta. Alichokiweka wazi ni mtu anayestahili kuwa, yaani nafasi yake duniani kama mwenyewe alivyoihesabu, na wanaomfahamu waliitwa kushuhudia hesabu hiyo. Mwanaanthropolojia Christopher Pinney alikuta jambo la jirani katika mji wa Nagda, katikati ya India, kwamba wateja wa studio walitarajia kutoka wazuri kuliko walivyoingia na hawakuona aibu yoyote kudai hivyo. Kwa mila hii uso peke yake hausemi mengi. Mtu yumo katika mkao na katika vitu alivyovichagua kwa saa moja.

Lililozipata picha za Keïta baadaye ni somo la pekee. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Rais Modibo Keïta ilimfanya mpiga picha rasmi, studio ikafungwa. Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilitundikwa katika maonyesho ya "Africa Explores" New York, na maelezo yakasema mpigaji hajulikani. Mfaransa André Magnin akafunga safari hadi Bamako kumtafuta, na mwaka 1994 Fondation Cartier ya Paris ikamfanyia maonyesho makubwa. Tangu hapo picha zilizotengenezwa kwa ukubwa wa kiganja, ili zikae katika albamu au zitumwe kwa mchumba, zimechapishwa kwa ukubwa wa mlango na kuuzwa kwa wakusanyaji. Keïta alipata jina, na alilistahili. Waliomo pichani, waliochagua vazi na pozi kwa uangalifu ule, mara nyingi wameandikwa kuwa hawana jina. Mwenye dhahabu zake zote amegeuka "mwanamke wa Bamako". Makumbusho nayo, kwa upole wake, ina mkasi.

Sasa tuje Pwani. Wateja wengi wa Keïta walikuwa Waislamu, kama walivyo wenyeji wengi wa Lamu, Mombasa na Unguja, kwa hiyo dini pekee haielezi tofauti nitakayoitaja. Mjadala wa kidini kuhusu picha upo, ni mrefu, na haujafungwa. Mapema katika karne ya 20 mufti wa Misri, Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliandika risala ya kuiruhusu picha ya kamera kwa hoja kwamba inakizuia kivuli kilichokwisha umbwa na Mungu, wala haiumbi kitu kipya. Wengine hawakuridhika, na hawajaridhika mpaka leo. Pwani haikungoja mjadala uishe. Wagoa wa A. C. Gomes walikuwa na studio Unguja tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza, mwenye asili ya Kihindi, alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe. Mwanahistoria wa sanaa Prita Meier ameonyesha kwamba katika nyumba za mawe picha ziliingia kama mapambo, zikachukua nafasi miongoni mwa vitu vya thamani vilivyotoka ng'ambo, jirani na visahani vya China katika zidaka. Bwana aliyevaa joho na jambia alitundikwa sebuleni kwa fahari. Bibi yake hakuonekana.

Hapo ndipo penye mila ya tatu. Kwa mwanamke wa nyumba kubwa, heshima ilipimwa kwa idadi ya macho yasiyomfikia. Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, alilelewa Unguja nyuma ya barakoa na madirisha ya juu. Alitoroka mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, akawa Emily Ruete wa Hamburg. Picha yake inayojulikana zaidi ilipigwa hukohuko Hamburg: amevaa mavazi ya Unguja na uso uko wazi. Vazi ni la kwao kabisa, lakini mtazamaji ni wa kigeni, na kwa hesabu za Pwani hilo linaigeuza picha nzima. Katika Unguja ya baba yake picha hiyo isingewezekana.

Baadaye, wanawake wengine wa Unguja walionekana kupita kiasi. Studio za Gomes na za ndugu wa Coutinho ziliuza postikadi kwa abiria wa meli, na katika postikadi hizo wamo wasichana waliopambwa, walioegemezwa kwenye viti, wenye maandishi ya jumla chini yao yasiyotaja jina la mtu. Wengi walitoka katika tabaka la watumwa na uzao wao, watu ambao hakuna aliyewalindia pazia. Kwa hiyo mtu asinisimulie pazia la Pwani kama hekima tupu ya wazee. Lilikuwa pia mali, na kama mali nyingine liligawanywa vibaya.

Hata hivyo mila hiyo ilijua jambo ambalo Paris na Bamako hazikulifikiria sana. Bertillon alishughulika na uso, Keïta na mkao. Wanawake wa Pwani walishughulika na mtazamaji. Nenda kwenye kupamba, ule usiku wa arusi ya Mombasa ambao wanawake hukusanyika peke yao ukumbini. Mabaibui yanavuliwa, magauni yaliyoshonwa kwa miezi yanatoka, nywele zimetengenezwa, hina imekolea, na bi arusi anakalishwa jukwaani atazamwe mpaka watu washibe. Hakuna aliyejificha hapo. Ni maonyesho makubwa kuliko studio yoyote, ila wanaoalikwa kutazama wamechaguliwa. Mpiga picha akiwapo ni mwanamke anayeaminiwa na familia, na picha zinaishia katika albamu inayofunguliwa na watu wa nyumbani. Picha ileile ikitazamwa na dada ni kumbukumbu. Ikitazamwa na mwanamume wa mtaa wa pili, bi arusi amevuliwa nguo.

Heike Behrend, mwanaanthropolojia Mjerumani aliyeandika kitabu kizima mwaka 2013 kuhusu picha katika Pwani hii, anaeleza jinsi video ilivyoitikisa mipaka hiyo. Kanda ina nakala, nakala ina safari, na aliyerekodiwa hana habari imefika sebule gani. Simu yenye kamera ikafanya kila mgeni kuwa mpiga picha. Kadi za mialiko zikaanza kubeba onyo kuwa simu haziruhusiwi, na mlangoni wakasimama akina shangazi wa kukagua mikoba, wakali kuliko maofisa wa bandari. Wapo vijana wanaowacheka. Wangewacheka kidogo zaidi kama wangewahi kuona nyumba ilivyovurugika kwa klipu ya sekunde kumi. Ninalolaumu mimi ni kwamba gharama ya klipu hiyo hulipwa na mwanamke aliyerekodiwa, huku aliyeirusha akiendelea na maisha yake, na mila yetu haijawahi kuwa na adhabu ya kutosha kwake.

Lamu ilitoa njia ya kando. Omar Said Bakor, aliyejifunza mwenyewe na kuendesha Bakor Studio mpaka alipofariki mwaka 1993, alizikata picha za wateja na kuziunganisha upya ndani ya mapambo, mwili wa mtu ukawa sehemu ya nakshi kama vile herufi zinavyokuwa sehemu ya nakshi ukutani. Alishika mkasi kama wa Gulu. Tofauti ni kwamba alichokikata alikiongezea, na mteja alikwenda nacho kizima. Kule Likoni, kwenye kivuko cha Mombasa, wapiga picha wa barabarani, wengi wao watu wa bara, walijenga katika miaka ya 1980 na 1990 vibanda vyenye meli na ndege zilizochorwa. Aliyetoka kuvuka maji kwa feri ya bure akapigwa picha kana kwamba anaingia Ulaya. Hao walikuwa jamaa wa Keïta zaidi kuliko wa Bakor.

Kuna mila ya nne inayonizuia nisizipange hizi tatu kama vitabu rafuni. Wayoruba wa Nigeria wana mapacha wengi na heshima maalumu kwao. Pacha akifa huchongewa sanamu inayotunzwa na mama. Mmarekani Stephen Sprague, katika makala ya mwaka 1978, alieleza kwamba katika mji wa Ila-Orangun kamera ilikuwa imeingia katika kazi hiyo. Pacha mmoja akiwa amekufa kabla ya kupigwa picha, aliyebaki hupigwa, na picha yake huchapishwa mara mbili, upande kwa upande, ili wawe wawili. Kama marehemu alikuwa wa jinsia nyingine, aliyebaki huvikwa mara ya pili mavazi ya ndugu yake. Uso mmoja, watu wawili, na hakuna aliyedanganywa. Bertillon angechanganyikiwa hapo, kwa sababu mfumo wake wote unasimama juu ya dai kwamba uso mmoja ni mtu mmoja.

Nimekuwa nikisema kana kwamba kifaa chenyewe ni kitu kitupu kinachojazwa na mila ya anayekishika. Hiyo ni nusu ya habari. Filamu za rangi za Kodak zilirekebishwa kwa miaka mingi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizoitwa kadi za Shirley, na maabara za kusafisha picha zilitumia kadi hizo kuamua rangi ya ngozi ipi ni sahihi. Mtafiti wa Kanada Lorna Roth aliifuatilia historia hiyo, akakuta kwamba miongoni mwa malalamiko yaliyoisukuma kampuni kuboresha rangi za giza yalikuwamo ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Watu weusi walikuwa wamelalamika pia. Kabati ndilo lililosikilizwa. Keïta na mwenzake wa Bamako Malick Sidibé, mshindi wa Simba wa Dhahabu mjini Venice mwaka 2007, walifanya kazi zao kubwa kwa nyeusi na nyeupe, ambako mpigaji mwenyewe ndiye aliyetawala chumba cha giza. Rangi ilipokuja na mashine zake, uamuzi wa namna ngozi itakavyoonekana ulihamia kiwandani.

Simu imebeba mila zote. Vichujio vinavyolainisha ngozi na kuongeza taji la maua kichwani ni Bamako. Watu wazima hawamdanganyi mtu kwa taji la maua. Status ya WhatsApp yenye orodha ya wasioruhusiwa kuiona, ambayo kwa kawaida inaanza na mabosi na kumalizia na wakwe, ni pazia la Pwani. Lakini chini ya yote hayo Bertillon anaendelea na kazi. Programu inayozipanga picha za simu kwa kutambua sura haijali gauni lilishonwa kwa miezi mingapi, wala haijali ukumbi ulikuwa wa wanawake pekee. Na hata kazi yake hiyo moja imekuwa ikiifanya kwa upendeleo. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo mitatu ya kampuni kubwa inayokisia jinsia kwa kutazama uso: kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7.

Wengi husikia takwimu hiyo wakataka mashine ziboreshwe mpaka zitutambue sote sawasawa. Nawaelewa, na kama mashine itaamua nani anakamatwa afadhali isikosee. Lakini wanawake wa Algeria hawakuhitaji kamera bora zaidi. Mwezi Julai na Agosti 2023 maelfu ya watu walipanga foleni Nairobi, mpaka kwenye jumba la KICC, ili mboni zao zipigwe picha na tufe la chuma la mradi wa Worldcoin kwa malipo ya sarafu za kidijitali zilizothamaniwa kama shilingi 7,000 hivi. Serikali ilisimamisha zoezi hilo mwanzoni mwa Agosti. Magazeti yaliwasema waliopanga foleni kama wajinga. Mimi niliona watu waliokwisha zoezwa: kidole kwa laini ya simu, uso kwa akaunti ya benki, na sasa jicho kwa sarafu za kidijitali, angalau safari hii kuna malipo. Kutoka Gulu mpaka KICC tundu limezidi kuwa dogo tu, kutoka uso mzima hadi duara la jicho.

Sheria nayo imeanza kuingia. Mwezi Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data ya Kenya iliitoza klabu moja ya burudani ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kutundika mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambao wazazi wao hawakuulizwa. Nilizifurahia adhabu hizo. Ila ridhaa inayotajwa na sheria ni jambo kati ya aliyepigwa na aliyechapisha. Inahusu matumizi aliyoyakubali, na anaweza kuiondoa. Akina shangazi wa mlangoni wanauliza zaidi ya hapo. Bi arusi ameridhia kupigwa, na hilo halijawatosha, kwa kuwa wanataka kujua ni nani atakayeishika albamu mwaka ujao, atakuwa na nani sebuleni, na kama ndoa ikivunjika itarudishwa kwa nani. Swali hilo halina kifungu katika sheria ya Kenya ya mwaka 2019 wala ile ya Tanzania ya mwaka 2022, na sioni karani atakayeliandika kwenye fomu hivi karibuni.